Umetia Lini? Mwongozo wa Kupika Chakula cha Nyumbani Kikakolea, na Kumfundisha Mwenzako

Mtu akionja chakula cha nyumbani kilichokolea, swali humtoka kabla hajameza: umetia nini humu? Mpishi anamtajia viungo kimoja kimoja, mwenzake anakwenda navyo kwake, anapika, na anachopakua hakifanani na alichoonja. Viungo ni vilevile. Kilichopotea ni majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza: umetia lini, moto ukiwa wa namna gani, na ulijuaje kwamba sasa imetosha?

Mwongozo huu unafuata sufuria moja tangu haijapanda jikoni hadi inapopakuliwa. Nimechukua mchuzi wa nyama wenye vitunguu na nyanya kuwa mfano, kwa sababu karibu kila jambo la ladha linapitia humo. Anayepika maharage, samaki au uyoga ataziona hatua zake humu humu, na zinapotofautiana nimesema.

Kwa watu 4 hadi 6 andaa kilo 1 ya nyama yenye kano na mafuta kidogo, vitunguu maji vikubwa 3, punje 5 za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, nyanya 4 zilizoiva vizuri, vijiko 3 vya chakula vya mafuta, viungo vikavu viwili au vitatu unavyovipenda, chumvi, limau moja, na majani mabichi yanayonukia kama giligilani.

Hatua ya 1: Chumvi iingie mapema

Chumvi inayotiwa mwisho hukaa kwenye mchuzi. Nyama yenyewe hubaki chapwa ndani. Katakata nyama, ipake chumvi, uiache angalau saa moja. Ukiweza kuiacha usiku kucha kwenye friji, ni bora zaidi. Mwanzoni utaona maji yakitoka juu ya nyama. Usiyamwage. Yakishachanganyika na chumvi, nyama huanza kuyarudisha ndani, nayo chumvi huingia pamoja nayo.

Ikiwa huna saa moja, basi itie chumvi dakika ileile unapoiweka kwenye mafuta. Wakati mbaya ni ule wa katikati, dakika kumi au ishirini, ambapo maji yameshatoka na hayajarudi. Nyama iliyolowa namna hiyo itakusumbua katika hatua ya pili.

Kiasi cha kuanzia ni gramu 9 au 10 kwa kilo. Kijiko cha chai cha chumvi laini, kikiwa kimesawazishwa, kina takribani gramu 6, kwa hiyo kijiko kimoja na nusu kinatosha kuanzia. Chumvi ya mawe ina nafasi nyingi kati ya chembe zake, hivyo kijiko kilekile hubeba chumvi pungufu.

Wakati nyama inangoja, ponda kitunguu saumu ukiache dakika kama kumi. Punje nzima hainukii sana. Harufu yake kali huzaliwa pale inapopondwa na vitu vilivyokuwa vimetengana ndani yake vikakutana. Kadiri unavyoisaga laini ndivyo inavyokuwa kali. Ukitaka upole, ikate vipande vyembamba. Ukitaka utamu tu, ipike nzima.

Hatua ya 2: Kausha nyama, kisha uikaange bila haraka

Hapa ndipo nusu ya ladha ya mchuzi inapopatikana, na ndipo wengi wanaporuka. Nyama inayotupwa moja kwa moja kwenye maji itaiva, lakini haitakuwa na ile ladha nzito ya kukaangwa, kwa sababu maji hayawezi kuwa moto kuliko nyuzi 100 hivi, na rangi ya kahawia huanza kujitokeza vizuri kwenye nyuzi 140 na zaidi. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi sukari na asidi amino (vijenzi vya protini) zinavyoungana kwa joto na kuzaa rangi hiyo. Kila mara unaponusa mkate unaooka au nyama inayochomwa, hicho ndicho unachonusa.

Kwa hiyo adui wa hatua hii ni maji. Futa nyama kwa kitambaa safi hadi ikauke. Pasha mafuta hadi yaonekane yanateleza na kumeremeta, halafu weka vipande vichache vyenye nafasi kati yao. Ukijaza sufuria, nyama itatoa maji na kuanza kuchemka kwenye maji yake yenyewe. Utaisikia, maana mlio wa kukaanga unageuka kuwa wa kutokota. Kaanga kwa mafungu mawili au matatu.

Usiigeuzegeuze. Nyama ikiwa bado imeng'ang'ania sufuria, haijawa tayari. Upande ukishashika rangi huachia wenyewe.

Kuna wanaosema kukaanga huku kunafunga maji ndani ya nyama. Si kweli, na nyama iliyokaangwa inaendelea kutoa maji kama kawaida. Tunaikaanga kwa ajili ya ladha, na sababu hiyo peke yake inatosha. Itoe nyama pembeni ukimaliza. Chini ya sufuria utabaki ukoko wa kahawia. Uangalie: ukiwa wa kahawia ni hazina, ukiwa mweusi umeungua na sufuria ioshwe kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3: Vitunguu

Ningekuwa na nafasi ya kumfundisha mpishi jambo moja tu, ningemfundisha kukaa na vitunguu.

Kitunguu kina hatua tatu, na kila moja ni chakula tofauti. Baada ya dakika 5 hadi 8 kinalainika na kuwa angavu; ukali umepungua, ladha ni nyepesi, na kinafaa mchuzi wa samaki au mboga za majani usiotaka kufunikwa. Baada ya dakika 15 hadi 20 kinakuwa cha dhahabu, kitamu, na hapo ndipo mchuzi wa nyama unapopenda. Baada ya dakika 40 au zaidi kinakuwa cha kahawia iliyokoza, kimesinyaa hadi robo ya ukubwa wake, na kijiko kimoja kinabadilisha chungu cha dengu. Mapishi mengi yaliyoandikwa yanasema vitunguu vitakuwa vya kahawia kwa dakika tano. Haviwi. Vitakuwa vimeungua kingo na vibichi katikati. Nawahurumia wanaoamini maelezo hayo, wakashindwa, kisha wakajilaumu.

Vitie kwenye sufuria ileile yenye ukoko, kwa moto wa wastani, na punje chache za chumvi. Chumvi itatoa maji ya vitunguu, nayo yatalegeza ukoko. Ukwangue kwa mwiko uchanganyike. Vikianza kushika chini kabla havijafika unapotaka, nyunyiza kijiko cha maji, kwangua, endelea. Unaweza kurudia hivyo mara nyingi na kila mara ladha inaongezeka. Sukari haihitajiki, kitunguu kina yake ya kutosha.

Wapo wanaotia chembe ya magadi soda ili vitunguu viwahi kuwa vya kahawia. Kweli vinawahi, lakini vinavurugika na kuwa uji. Kwa rojo ya kusaga haina neno. Kwa mchuzi ambao unataka kuviona vitunguu, siipendi.

Na nyanya zisubiri. Uchachu wake hufanya kitunguu kisilainike, na ukizitia mapema utavikuta vipande vigumu mdomoni hata baada ya saa nzima jikoni.

Hatua ya 4: Viungo vikutane na mafuta

Harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Bizari iliyotupwa kwenye mchuzi unaochemka hutoa sehemu ndogo tu ya kile iliyonacho, na inabaki na ladha ya vumbi. Ileile ikipitishwa kwenye mafuta moto nusu dakika, nyumba nzima inajua.

Mpangilio ni huu. Viungo vizima kama mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga vinaweza kutangulia hata vitunguu, vikae kwenye mafuta hadi vianze kunukia. Kitunguu saumu na tangawizi huingia vitunguu vikishafika, kwa dakika moja tu, kwa sababu kitunguu saumu kikiungua kinakuwa kichungu na uchungu huo hauondoki. Viungo vya unga vinafuata mwisho kabisa, sekunde 30 hivi, mkono ukiwa tayari na maji kidogo ya kuokoa. Ikitokea vimeungua, mwaga mafuta hayo uanze upya. Inauma, lakini inauma kidogo kuliko kumwaga sufuria nzima baadaye.

Viwili au vitatu vinatosha. Ukitia kumi, ulimi hausikii hata kimoja.

Pilipili ina tabia yake. Ukali wake hauyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana pilipili iliyokaangwa huwasha mchuzi wote sawasawa, na ndiyo maana aliyewashwa akinywa maji hapati nafuu, bali maziwa. Sehemu kali zaidi ni ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Uondoe ukitaka harufu bila moto mkubwa. Ukipika kwa ajili ya wengi wenye ndimi tofauti, iache nzima ielee juu ya mchuzi bila kupasuka, kisha anayetaka ukali aipasue kwenye sahani yake.

Kuhusu kuhifadhi: nunua vizima, saga kidogo kidogo. Weka mbali na jiko na mwanga. Usitikise kopo juu ya sufuria inayofuka, maana mvuke unaingia ndani na unga unashikana. Kujua kama kiungo bado kina uhai, kisugue kiganjani unuse. Kama hunusi kitu kiganjani, hutakionja sufuriani.

Hatua ya 5: Nyanya, hadi mafuta yajitenge

Tia nyanya zilizokatwa au kusagwa, pika bila kufunika. Mwanzo zitachemka kama supu, kisha zitakuwa nzito, na baada ya dakika 10 hadi 15 utaona mafuta yakijitenga pembeni. Hiyo ndiyo alama. Kabla ya hapo nyanya ina ukali wa ubichi ambao hata kuchemsha mchuzi muda mrefu hakuuondoi vizuri. Nyanya ya kopo iliyokolezwa nayo ikaangwe hadi iache wekundu mkali na kufanana na rangi ya tofali.

Nyanya hazileti uchachu na utamu tu. Zina glutamati, kile kinachoipa supu ladha inayojaa mdomo. Kikunae Ikeda, mwanakemia wa Tokyo, aliitambua katika mwani mwaka 1908 na kuiita ladha hiyo umami. Uyoga unayo, samaki wakavu wanayo, jibini iliyokaa muda mrefu inayo, na mchuzi wa soya pia. Kwa anayepika bila nyama, hapa ndipo pa kuwekeza: kaanga uyoga hadi maji yake yakauke na ushike rangi ya kahawia, uingize pamoja na nyanya, na hakuna atakayeuliza nyama iko wapi.

Hatua ya 6: Maji kidogo, moto mdogo

Rudisha nyama na maji yote yaliyochuruzika kwenye sahani. Ongeza maji moto yafike karibu na usawa wa nyama, yasiifunike. Kwangua chini mara ya mwisho. Yakishachemka, punguza moto hadi uone povu moja hapa, jingine pale.

Nyama ngumu ina kolajeni, protini ngumu iliyo kwenye kano zake, na kolajeni inahitaji joto la muda mrefu ili igeuke jelatini, ile inayofanya mchuzi ushike midomo. Saa moja na nusu hadi tatu, kutegemea nyama. Moto mkali hauharakishi chochote cha maana, unakaza nyuzi za nyama na kuikausha. Sufuria ya presha ndiyo inayofupisha kweli, kwa sababu ndani yake joto hufikia karibu nyuzi 120.

Samaki ni kinyume kabisa: mchuzi uive wote kwanza, kisha samaki aingie kwa dakika chache tu. Maharage yachemshwe kwa maji hadi yalainike kabisa ndipo yakutane na nyanya au limau, maana uchachu huyazuia kulainika. Na anayeishi nyanda za juu asishangae maharage yakichelewa. Kwenye mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Hatua ya 7: Kuonja

Onja mara nyingi, kuanzia nyanya zikishaiva. Chota kidogo kwa kijiko safi, kiache kipoe, kwa sababu ulimi uliochomeka hausemi ukweli. Kisha jiulize kinachokosekana, usikimbilie chumvi kila mara.

Kama ladha zote zipo lakini kama zimesimama mbali, ni chumvi. Tia kiasi cha vidole viwili, koroga, subiri dakika, onja tena. Kama chumvi ipo na bado mchuzi umelala, mzito bila uchangamfu, ni uchachu unaohitajika: nusu kijiko cha chai cha maji ya limau au siki. Hili ndilo jambo linalokosekana zaidi katika chakula cha nyumbani, na wengi hulitibu kwa kuongeza chumvi hadi kinakuwa hakiliki. Ukichachuka kupita kiasi, ongeza mafuta kidogo na sukari ya ncha ya kijiko. Uchungu mdogo hupungua kwa chumvi. Uchungu wa kuungua hauponi.

Chumvi ikizidi, dawa ni kuongeza wingi: maji, nyanya, mboga zisizo na chumvi. Wapo wanaotia kiazi ili kinyonye chumvi, lakini kiazi hakinyonyi chumvi na kuacha maji. Kinanyonya maji yenye chumvi, na kinachobaki ni kikali vilevile. Mchuzi ukiwa mwepesi, fungua kifuniko upungue, lakini fanya hivyo kabla ya kukamilisha chumvi. Maji hufuka, chumvi haifuki. Na chakula kitakacholiwa kikiwa baridi kikolezwe kidogo zaidi, kwa sababu ubaridi hufifisha ladha.

Jaribu hili mara moja ili ujue unachoonja ni nini: bana pua, tafuna kipande cha kitunguu kilichopikwa, kisha achia pua. Utashangaa. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda nyuma ya koo. Ndiyo maana mpishi aliyekaa juu ya mvuke saa mbili hasikii tena chakula chake. Toka nje kidogo, kunywa maji, au mpe mwingine kijiko umtazame uso.

Hatua ya 8: Mwisho wa moto

Zima jiko ndipo utie majani mabichi na maji ya limau. Harufu zake ni nyepesi na zinapotea kwa kuchemshwa. Acha sufuria itulie dakika 15 kabla ya kupakua.

Mchuzi wa namna hii huwa mtamu zaidi kesho yake. Kiporo kiwekwe kwenye friji ndani ya saa 2, kwenye vyombo vipana ili kipoe upesi, na kikipashwa kichemke kabisa.

Hatua ya 9: Mpe mwenzako mapishi yatakayompikia

Andika ukiwa unapika, siyo baada ya kula. Kumbukumbu ya mpishi huruka vitu ambavyo mkono unavifanya wenyewe.

Pima kwa gramu inapowezekana. Kikombe cha kupimia kina mililita 240 kwa wengine na 250 kwa wengine; kijiko cha chakula ni mililita 15 kwingi, lakini Australia ni 20. Unga ulioshindiliwa kikombeni unaweza kuzidi ule uliomiminwa kwa kiasi cha kuharibu keki.

Dakika zitaje, lakini daima ziambatanishe na alama: pika dakika 12, *hadi mafuta yajitenge*. Jiko lake si jiko lako. Taja upana wa sufuria, maana sufuria pana hukausha upesi. Sema kipi kinaweza kubadilishwa na kipi kikiondolewa chakula kinakuwa kingine. Kama ulifundishwa na mtu, mtaje.

Wewe unayepokea, mara ya kwanza pika kama ilivyoandikwa. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja kisha ukarudi kulalamika, mwenye mapishi hana la kukusaidia. Mara ya pili ni yako.

Njia iliyo bora kuliko kuandika ni kumwita apike mbele yako, kwa sufuria yake, wewe ukiwa umekaa. Mikono yako ikae mbali na mwiko. Akikuuliza "hivi vimeshafika?", usimjibu ndiyo au hapana; mwambie anuse, akoroge, akuambie anaona nini. Kila anaposita, pale kuna sentensi iliyopungua kwenye karatasi yako. Iongeze kabla hajaondoka.